Unauza saa za mashine: kazi ya mawasiliano na maendeleo ya biashara kiwandani

Shangazi yangu ameshajiridhisha kwamba mimi ni mpiga picha wa kiwanda. Kila tukikutana kwenye harusi ananitambulisha hivyo, nami sijamsahihisha, maana maelezo ya kweli ni marefu kuliko foleni ya pilau. Kadi yangu imeandikwa Ofisa Mawasiliano na Maendeleo ya Biashara. Kiwanda chetu kinatengeneza katoni za kufungashia bidhaa, upande wa Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Pugu Road. Kupiga picha ni kweli napiga. Ni kama dakika ishirini kwa wiki.

Mkanganyiko wa shangazi ndio mkanganyiko wa matangazo mengi ya kazi. Kiwanda kimoja kinatafuta "ofisa mawasiliano" na ndani yake kinamaanisha mtu wa kuendesha Instagram. Kingine kinaandika cheo hicho hicho, lakini kinataka mtu wa kuleta oda. Cha tatu kinataka vyote viwili, na juu yake akimbizane na fulana za Mei Mosi na keki ya kumuaga meneja. Kijana aliyesomea habari anaogopa neno "biashara", na aliyesomea biashara anaona "mawasiliano" ni kazi ya kuremba. Wote wananiuliza: hii ni kazi ya maneno au ya hesabu?

Jibu langu ni kwamba kiwanda hakiuzi katoni, wala sabuni, wala bati. Kinauza saa za mashine. Saa ikipita mashine imelala, hairudi, na mshahara wa fundi na riba ya benki vinaendelea kuhesabika. Kazi yetu ni kuzijaza saa hizo kwa wateja wanaofaa, na kusema juu ya saa hizo yale tu ambayo mashine itayathibitisha. Sehemu ya kwanza wanaiita maendeleo ya biashara, ya pili mawasiliano. Nimejaribu kuzitenganisha nikashindwa, na nitaeleza jinsi nilivyoshindwa.

Kipeperushi cha katoni elfu sabini na mbili

Mwezi wangu wa tatu kazini niliandika kipeperushi kizuri sana. Kwenye kibati cha mashine ya kuchapa na kukata palikuwa na maandishi: katoni 150 kwa dakika. Nikazidisha kwa dakika 480 za zamu ya saa nane, nikapata 72,000, nikaiweka hesabu hiyo juu kabisa kwa herufi nene. Wiki mbili baadaye, Jumatano, mnunuzi wa kiwanda cha juisi akapiga simu. Anataka katoni 60,000, Ijumaa jioni apakie. Kipeperushi anacho mkononi.

Nikashuka kwa msimamizi wa uzalishaji, mzee ambaye amekaa na mashine zile tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo mzee. Hii oda ya elfu sitini, Ijumaa itatoka?"

"Marahaba. Nani kakwambia elfu sitini?"

"Si mashine yenyewe imeandikwa."

"Na gari lako limeandikwa kilomita mia mbili na ishirini kwa saa. Umewahi kuzifikisha hapo Buguruni?"

Akaokota kipande cha katoni sakafuni, akaanza kuandika nyuma yake. Dakika 480. Toa 60 za chakula na kukabidhiana zamu. Toa 30 za umeme kucheza na marekebisho madogo madogo. Siku hiyo walikuwa na oda ndogo nne, na kila ukibadilisha oda unafungua rola, unaosha wino, unafunga klishe nyingine (lile bamba la kuchapia), unapitisha karatasi za majaribio mpaka rangi ikae: dakika 40 kila mara, jumla 160. Zimebaki 230. Mwendo wenyewe si 150 bali 110, kwa sababu karatasi iliyotokana na makaratasi chakavu ukiikimbiza inachanika. Hiyo ni katoni 25,300. Toa tatu kwa mia za kuharibika, unabaki na 24,500 na ushee.

Theluthi ya nilichoandika. Nilitamani sakafu ipasuke.

Ila mzee hakuishia hapo, na alichofanya baadaye ndicho kilichonifundisha kazi. Akarudia hesabu ile ile kwa siku ya oda moja tu. Mabadiliko mara moja, dakika 40, zimebaki 350, mwendo 110, toa tatu kwa mia: katoni 37,000 na zaidi. Mashine ile ile, mafundi wale wale, umeme ule ule, lakini kuna tofauti ya katoni 12,000 na kitu kwa zamu moja. Tofauti hiyo haikutoka kwa fundi. Ilitoka ofisini kwetu, kwa namna tulivyochagua wateja na kupanga oda zao.

Nilimpigia mtu wa juisi, nikamwambia nusu Ijumaa na nusu Jumatatu. Alinuna, akakubali. Kipeperushi tulikitoa, na toleo jipya halina idadi ya kwa siku hata moja. Lina siku za kusubiri: tangu mteja aidhinishe mchoro mpaka mzigo kuwa mlangoni. Kwa mnunuzi hiyo ndiyo habari. Yeye ana mashine zake zinazosubiri katoni, hana haja ya kujua zetu zinakwenda mwendo gani.

Mteja wa katoni mia tano

Kutoka kwenye hesabu hiyo unaelewa jambo linalowaudhi wajasiriamali wengi: kwa nini kiwanda kinakataa oda ndogo. Anapiga mama anayefungasha asali kutoka Tabora, anataka katoni 500 zenye nembo yake ya rangi tatu. Anaambiwa kiwango cha chini ni 5,000. Anaona tunaringa. Ukweli ni kwamba kwa mwendo wa 110, katoni zake 500 zinapita kwa dakika zisizofika tano, baada ya dakika 40 za kuandaa mashine. Bado hujahesabu klishe tatu, moja kwa kila rangi, ambazo gharama yake ni ile ile uchapishe mia tano au laki tano.

Ofisa mauzo wa kawaida anaishia kwenye "samahani mama, kiwango chetu ni elfu tano". Hakosei, yeye kazi yake ni kuuza kilichopo kwa wanaokihitaji. Maendeleo ya biashara yanaanzia simu inapokatwa. Mimi nilifanya jambo la kijinga kabisa: nikanunua daftari, na kwa miezi kadhaa kila mteja mdogo tuliyemkataa nikawa namwuliza vipimo. Chupa au pakiti zako zina urefu gani, unapanga ngapi kwenye katoni moja, inabeba kilo ngapi. Daftari lilipojaa nikagundua kwamba wengi wao, wa asali, wa viungo vya Zanzibar, wa siagi ya karanga, wa sabuni za maji, wangeweza kuingia kwenye saizi tatu tu. Tukaanza kutengeneza saizi hizo tatu bila maandishi, kwa wingi, zile siku ambazo mashine haina oda kubwa. Mjasiriamali ananunua hata 200, anabandika stika yake mwenyewe.

Faida ya moja kwa moja si kubwa. Nilivyoitetea kwa wakubwa ni kwamba hawa ndio wateja wakubwa wa kesho, na njia yao inajulikana. Anaanza na SIDO, shirika la viwanda vidogo ambalo lipo tangu 1973. Anatafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Akishaipata anachukua msimbopau kwa GS1 Tanzania, wanaosajili namba hizo, ile milia yenye namba inayoanza na 620. (Wengi wanaamini 620 maana yake bidhaa imetengenezwa Tanzania. Hapana, maana yake ni kwamba kampuni ilisajili namba yake Tanzania. Kenya ni 616. Kiwanda cha Arusha chenye namba ya 616 si cha wizi.) Akishakuwa na vitu hivyo anabisha hodi supamaketi, na supamaketi inataka katoni ya nje yenye jina, idadi, namba ya bechi (yaani mkupuo wa uzalishaji) na tarehe. Hapo anarudi kwetu, safari hii kwa elfu tano, na klishe analipia mwenyewe bila kuombwa.

Mchoro wa ukutani

Nikiulizwa kazi yangu bora ya mawasiliano ni ipi, sitaji video wala hotuba ya mkurugenzi niliyoiandika. Ni karatasi ya A3 iliyobandikwa kwenye stoo ya mteja.

Mteja huyo anatengeneza sabuni za miche na anapeleka hadi Lubumbashi, Congo. Alileta malalamiko makali: katoni zetu zinabonyea, zinafika zimelala ubavu, wanunuzi wanapunguza bei. Maabara yetu ilipima karatasi, ikakuta iko sawasawa. Njia rahisi ingekuwa kumwandikia barua yenye majibu ya maabara. Kwa lugha ya heshima barua ya namna hiyo inasema "shida ni yako", na mteja anajua kusoma.

Nikaenda kwake na futi na simu. Kumbe vibarua wake wanapanga katoni kama matofali ya ukuta, ya juu ikikalia nusu ya hii na nusu ya ile, ili mrundo usianguke. Kwa tofali ni sawa. Kwa katoni ni kosa, kwa sababu uzito wa mrundo hubebwa zaidi na pembe nne za kila katoni. Zikipangwa nguzo kwa nguzo, pembe inakaa juu ya pembe na uzito unashuka mpaka chini. Zikipangwa kama matofali, pembe ya juu inatua katikati ya ukuta wa katoni ya chini, mahali ambapo hakuna nguvu. Ongeza unyevu wa stoo isiyo na hewa, kwa kuwa karatasi hunywa unyevu na kulegea, halafu ongeza siku ambazo lori linakaa juani kwenye foleni za mipakani, Tunduma na Kasumbalesa.

Nilichora picha mbili, moja yenye alama ya vema, moja yenye alama ya kosa. Chini yake: PEMBE JUU YA PEMBE. MWISHO TABAKA SITA. WEKA MBAO CHINI. Maneno kumi, kwa Kiswahili ambacho kinasomeka sawa Temeke na Lubumbashi. Malalamiko yalipungua mpaka yakaisha, na mteja akaongeza oda. Sasa niambie hiyo ilikuwa mawasiliano au maendeleo ya biashara.

Sikudharau mitandao. LinkedIn imenipa wateja wawili wakubwa na naiandikia kila wiki. Ila mnunuzi wa kiwanda hanunui kwa sababu picha imempendeza. Nyuma yake kuna mtu wa ubora, mtu wa fedha na mtu wa stoo, kila mmoja ana hofu yake, na ukiandika kwa kumfurahisha mmoja tu, wawili waliobaki wanakukwamisha kimyakimya. Mtu wa ubora anataka cheti na kipimo. Wa fedha anataka kujua analipa lini. Wa stoo anataka kujua zinapangwaje. Posti yenye picha ya jua likichwea nyuma ya bomba la kiwanda haimjibu yeyote.

Serikali ikitangaza jambo Jumanne

Kuna upande wa kazi hii ambao vyuo vinauita mawasiliano wakati wa dharura, na vinaufundisha kama jinsi ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Taarifa ni robo ya mwisho.

Kumbuka 2019. Mwezi Aprili serikali ilitangaza kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwisho wake ni Mei 31; kuanzia Juni 1 ni marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia. Kenya walishafika huko Agosti 2017, na Rwanda zamani, 2008. Kwa hiyo mwenye kiwanda hapa hakuweza kusema hakuona mawingu. Lakini hata aliyejiandaa alikutana na tatizo la maneno. Marufuku ilikuwa ya mifuko ya kubebea, ile tuliyozoea kuiita rambo. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, vya kilimo, vya afya, vya vyakula vilivyosindikwa, havikuguswa. Mtaani tofauti hiyo haikufika. Wateja wa vifungashio halali nao walisimamisha oda, wakiogopa kukamatwa na pakiti ya kawaida kabisa.

Walioponyoka ni wale waliokuwa na mtu aliyesoma kanuni yenyewe usiku ule ule ilipotoka, akaandika ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi: hiki kimekatazwa, hiki hakijakatazwa, hiki hapa kifungu, mkaguzi akija mwonyeshe. Ukurasa ule mteja anauweka kwenye droo ya kaunta. Wakati huo huo mtu wa maendeleo ya biashara anauliza swali jingine: wanaobeba bidhaa kesho watabebea nini? Ndipo ikaja mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi kisichofumwa, na viwango vyake, gramu 70 kwa mita ya mraba. Waliokimbilia soko hilo na mifuko miepesi chini ya hapo waliuza kwa bei ya chini, halafu wakaguzi wakawarudia. Aliyeuza gramu 70 alilazimika kumweleza muuza duka kwa nini mfuko wake ni ghali, na maelezo bora niliyoyaona yalikuwa ya kijana mmoja aliyetembea na mzani mdogo wa dhahabu mfukoni. Anakata kipande cha sentimita kumi kwa kumi, anakipima mbele yako, kinasoma gramu 0.7. Anachukua cha mshindani, 0.4. Haongezi neno.

Mfano wa pili ni wa majirani. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Sitaki kurudia nani alikuwa nani. Ninachowauliza vijana ninaowafundisha ni hili: habari kama hiyo ikitoka saa moja usiku na chapa yako imo, unasema nini saa mbili? Wote wanaanza kuandika "tunapenda kuwahakikishia wateja wetu". Swali sahihi ni bechi gani. Kama kiwanda kinaweza kusema ni bechi hii, ilisagwa tarehe hii, ilikwenda kwa mawakala hawa, basi una cha kusema. Kama namba ya bechi haisomeki, au vitabu vya stoo havionyeshi ilikokwenda, mwandishi bora wa nchi hii hatakuokoa. Ndiyo maana naingilia mambo yasiyonihusu, kama wino wa ile mashine ndogo ya kugonga tarehe. Ukififia nampigia fundi kelele kabla ya mtu wa ubora.

Kuvuka mpaka

Kila bosi wa kiwanda ana ndoto ya Congo. Ni soko kubwa, linakula kila kitu, na wateja wa Lubumbashi wanakutumia sauti ya WhatsApp unaelewa vizuri kabisa, hata kama "mzigo" kwao ni "muzigo". Kinachowapoteza wengi ni jumuiya zinazopishana, na kuzieleza kwa ufupi ni sehemu ya kazi yangu.

Tanzania imo Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kwenye COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ilijitoa mwaka 2000. Kenya imo Afrika Mashariki na COMESA, haimo SADC. Zambia imo SADC na COMESA. Kwa hiyo sabuni ya Dar na sabuni ya Nairobi zikikutana duka moja Lusaka, moja imeomba nafuu ya ushuru kwa cheti cha SADC na nyingine kwa cha COMESA, kila moja na masharti yake. Congo imo SADC, imo COMESA, na tangu 2022 imo Afrika Mashariki. Juu ya zote kuna eneo huru la biashara la Afrika nzima, lililoanza rasmi Januari 1, 2021. Mteja anapokuuliza "ushuru ni kiasi gani?", kabla hujajibu unatakiwa kumwuliza: kwa mlango upi?

Na mlango wowote unataka cheti cha uasilia, yaani uthibitisho kwamba bidhaa imetengenezwa hapa kwa kiwango kinachotosha. Hapo kuna mtego. Kuleta mafuta kwenye mapipa na kuyamimina kwenye chupa zenye jina lako hakuyafanyi kuwa ya Tanzania. Lazima malighafi igeuzwe kuwa kitu kingine, au thamani iliyoongezwa nchini ifike kipimo kilichowekwa. Nimeona mpango mzuri wa kuuza nje ukifa kwa sababu mtu wa masoko alishaahidi bei bila ushuru kabla hajamwuliza mtu wa uzalishaji malighafi inatoka wapi.

Bei nayo ina lugha yake. Bei ya kiwandani ni mzigo ukiwa mlangoni kwetu, lori ni la kwako. Bei ya kufikisha Tunduma ni nyingine, na ya kufikisha Lubumbashi ni nyingine kabisa. Andika kwenye profoma, ile ankara ya awali, bei inaishia wapi, kwa jina la mahali. Usipoandika, kila upande utaamini usafiri ni wa mwenzake.

Kamisheni, madeni na Sabasaba

Sasa fedha, ambayo vijana huuliza mwisho ingawa ndiyo iliyowaleta. Mishahara inatofautiana mno, sitataja takwimu. Kitu cha kuangalia kwenye mkataba ni kamisheni inahesabiwa lini: oda ikiingia, ankara ikitoka, au pesa ikifika benki. Mwajiri mwenye akili analipa pesa ikifika. Itakuudhi miezi ya kwanza, lakini itakufundisha kumpenda mteja anayelipa kuliko mteja mwenye jina.

Jina haliliki. Uchumi, duka kuu la Kenya, lilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, wasambazaji wakabaki wanadai. Nakumatt, lililokuwa kubwa kuliko yote, liliishia mikononi mwa wadai walioamua Januari 2020 lifungwe. Viwandani kulikuwa na maofisa waliokuwa wamepewa zawadi ya mfanyakazi bora kwa kuleta wateja hao. Katoni inalipiwa karatasi yake kabla haijatengenezwa. Ukimuuzia mtu kwa mkopo wa siku 90, miezi mitatu hiyo kiwanda ndicho benki yake, tena benki isiyotoza riba. Kumweleza hayo mteja mkubwa bila kumvunjia heshima ni kipaji. Mimi hutumia sentensi moja: "Bosi, bei hii ni ya siku thelathini; ya siku tisini ninayo pia, ila ni nyingine." Wengi huchagua thelathini.

Zabuni za serikali nitazipitia haraka. Tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, na kinachoangusha kampuni nyingi ni nyaraka tu, leseni iliyoisha muda juzi au dhamana iliyokosewa tarehe. Mtu makini wa mawasiliano, aliyezoea kusoma sentensi mara mbili, anaweza kuwa na thamani hapo kuliko meneja masoko.

Sabasaba ni habari nyingine. Maonesho yale ya kila mwaka pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, viwanda vingi vinayachukulia kama sherehe: fulana, muziki, peremende kwenye bakuli. Siku ya Saba Saba yenyewe watu ni wengi kiasi kwamba huwezi kusikilizana na mtu, na wengi wamekuja na watoto kula na kutembea. Mimi nazipenda asubuhi za siku za katikati ya wiki. Ndipo anapokuja mzee mwenye koti kuukuu, viatu vina vumbi, hachukui kipeperushi, anaminya katoni kwa kidole gumba na kuuliza ni ya tabaka ngapi. Huyo ndiye. Mwaka mmoja vijana wetu wa banda walimpita mzee wa hivyo wakakimbilia kundi la watu wenye suti waliokuwa wanatafuta mahali pa kupiga picha. Alikuwa na kiwanda cha kukamua alizeti Singida. Tulimpata tena baada ya miezi minne, kwa bahati, na tulimkuta ana mkataba na wengine.

Nani anaifaa kazi hii

Niliowaona wakifanikiwa wametoka pande mbili. Kuna waliosomea habari na mawasiliano wakakubali kuchafua viatu, na kuna waliotoka maabara ya ubora au stoo wakajifunza kuandika. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua wa pili, ingawa mimi mwenyewe ni wa kwanza. Kuandika barua safi unaweza kumfundisha mtu kwa mwaka mmoja ukiwa mkali. Kusikia mashine ikilia vibaya na kujua kwamba oda ya kesho itachelewa kunachukua muda mrefu zaidi.

Ukipata ajira leo, wiki yako ya kwanza usiombe kompyuta. Omba buti, vizibo vya masikio na ruhusa ya kukaa zamu moja ya usiku. Uliza mafundi wenyewe wanakiitaje kila kitu, usitegemee mwongozo. Siku mteja akipiga simu kwa hasira atatumia maneno yao, si ya mwongozo. Halafu omba orodha ya wateja waliohama miaka miwili iliyopita, uwapigie mmoja mmoja, usiwauzie chochote, uwasikilize. Hakuna ripoti ya soko itakayokupa hayo.

Tulipotafuta msaidizi wangu, niliweka katoni tupu mezani na kumwambia kila mwombaji: una dakika kumi, mwandikie mnunuzi ujumbe wa kumshawishi anunue hii. Walikuwa saba. Sita waliinamia karatasi papo hapo, na walichoandika kilikuwa kizuri: "suluhisho", "ubora usio na mfano", "mshirika wako wa kuaminika". Wa saba, binti aliyetokea stoo ya kiwanda cha biskuti, aliichukua ile katoni akaigeuza chini juu, akasoma muhuri wa tarehe, akapitisha kidole kwenye mshono wa gundi. Kisha akaniangalia.

"Samahani kaka, huyu mnunuzi anaweka nini ndani? Na stoo yake anapanga mpaka tabaka la ngapi?"

Dakika zake kumi ziliisha hajaandika hata mstari. Alianza kazi Jumatatu.